Uliza Fundi: Trela ya kulala yenye umbo la tone, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi na mke wangu tunaishi hapa Columbus, Ohio, na kila kiangazi tunabeba hema tunakwenda Hocking Hills. Safari ya mwisho mvua ilitunyeshea usiku kucha, godoro likaloa, na mke wangu akasema hema basi. Tumeziona zile trela ndogo zenye umbo la tone la maji, mgongo wa mviringo na jiko nyuma. Bei ya mpya imetutoa jasho, kwa hiyo nataka nitengeneze mwenyewe. Kitu kikubwa nilichowahi kutengeneza ni rafu ya vitabu na meza ya balkoni. Gari letu ni RAV4 ya 2020, na mimi nina futi 6 na inchi 1. Nimeshachora umbo lake. Nianze kununua mbao, chuma, au nitafute ramani? — A.K., Columbus, Ohio

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mpe pole mama kwa mvua hiyo.

Lile umbo liweke kando kwanza. Barua za trela hizi zinanifikia nyingi, na karibu zote huja na mchoro wa mgongo, penseli za rangi na kila kitu, uzito haumo. Mgongo si kazi kubwa kihivyo. Kitakachoamua kama trela itakufaa au itakutesa ni gari linaloivuta, chuma kinachoibeba, na mahali mwili wako utakapolala. Twende kwa mpangilio huo.

Toa kitabu cha gari, tafuta ukurasa wa kukokota. RAV4 za kizazi chako hazilingani hata kidogo ingawa kwa macho zote ni RAV4: za kawaida zinaruhusiwa pauni 1,500, zenye injini mseto 1,750, na matoleo ya Adventure na TRD Off-Road 3,500. Hujaniambia yako ni ipi, kwa hiyo nitachukulia 1,500. Na hiyo 1,500 ni trela na kila kilichomo: godoro, maji, barafu, sufuria, viatu vya mama. Usiijaze yote. Lenga pauni 1,000 hivi trela ikiwa imepakiwa, ili milima ya kusini mwa Ohio isikutie aibu.

Sasa shika kalamu. Chesisi ya kuunganisha ya futi 4 kwa 8, ile inayouzwa vipande vipande kwenye maboksi, ina kama pauni 250. Plaiwudi ya robo tatu ya inchi ina pauni 60 hadi 70 kwa karatasi moja nzima, ya nusu inchi kama 45, na ya milimita 3 kama 10 na ushei. Betri ya asidi ya saizi inayofaa ni kama 60. Maji ni zaidi ya pauni 8 kwa kila galoni. Mtungi wa gesi wa pauni 20 ukiwa umejaa unakaribia 37, maana chuma chenyewe ni kizito. Fundi mgeni huogopa kitu kuvunjika, basi anaweka robo tatu kila mahali, hata kwenye kabati la vikombe. Matokeo yake trela inafika pauni 1,400 kabla hata shuka halijaingia. Kwa mtu wa kazi ya kwanza mimi naruhusu robo tatu kwenye kuta mbili za pembeni tu, kwa sababu ukingo mnene unapokea skrubu za mbavu za paa bila kupasuka. Sakafu iwe nusu inchi, inakaa juu ya chuma. Dari na ngozi ya paa ziwe milimita 3. Makabati yawe fremu nyembamba na mbao nyepesi.

Chesisi nakushauri ununue, usichomelee. Najua huko nyumbani kila mtaa una mtu wa kuchomelea, lakini wewe hujui kuchomelea, na kiungo kibovu cha chuma hukioni kwa macho mpaka kiachie barabarani. Tena chesisi ya dukani huja na cheti cha mtengenezaji na namba yake, jambo litakalokusaidia wakati wa usajili. Soma kibao cha uwezo. Kuna inayojulikana sana huku yenye pauni 1,195 na kaka yake yenye 1,720. Chagua yenye magurudumu ya inchi 12. Yale ya inchi 8 yanazunguka kwa kasi mno barabara kuu na beringi zake zinachemka. Kama ni ile inayokunjwa katikati, ifunge bolti zote moja kwa moja, hutaikunja tena.

Kabla hujalipa, nenda sebuleni na utepe wa karatasi unaonata, ule wa wapaka rangi. Chora sakafuni mstatili wa inchi 48 kwa 96. Hilo ndilo trela lako lote. Kwa nini futi 4 kwa 8? Kwa sababu ndio ukubwa wa karatasi ya plaiwudi. Trela hizi zilianza Marekani miaka ya 1930, zikashamiri baada ya vita ya pili, aluminiamu ilipokuwa tele na magazeti ya mafundi wa nyumbani yakachapa ramani zake, na mtu alitaka ukuta mzima utoke kwenye karatasi moja bila kuunga. Sababu hiyo haijazeeka.

Ndani ya mstatili, kata unene wa kuta: kuta zikikaa juu ya sakafu, upana wa ndani unabaki inchi 46 na nusu. Godoro la saizi mnayoiita full lina inchi 54, kwa hiyo halimo. Utanunua sponji na kuikata. Kwa urefu, wewe una inchi 73. Jipe 76 za kulala, na nyuma zinabaki kama 18 za jiko baada ya kutoa kuta. Zinatosha. Siri yake ni kwamba makabati ya juu ya jiko yanaweza kuingia ndani kidogo, juu ya miguu yenu, huku kaunta ikiishia kwenye ukuta wa kati.

Sasa laleni humo, wewe na mama, usiku mzima. Sisemi dakika tano za kucheka. Usiku mzima, na mmoja aamke aende msalani bila kumkanyaga mwenzake. Kama asubuhi bado mnasalimiana, futi 4 zinawatosha. Kama la, tafuta chesisi ya futi 5, na kuta zikae nje ya sakafu badala ya juu yake. Hapo godoro la queen la inchi 60 linaingia sawasawa. Ila usijaribu kuweka sanduku la futi 5 juu ya chesisi ya futi 4. Kuta zitakuja juu ya matairi, itabidi unyanyue sakafu au ukate nafasi za magurudumu, na hiyo si kazi ya kuanzia.

Umbo sasa unaruhusiwa. Nunua maboksi makubwa ya friji, yafungue, uchore ukuta mzima kwa saizi yake halisi. Pigilia misumari michache kwenye alama za juu, kisha pinda fito jembamba la mbao juu yake na ufuate kwa penseli. Fito lenyewe litakataa kona linaloona ni kali, na ngozi ya paa itakataa hapo hapo. Chukua kipande cha plaiwudi ya milimita 3 utakayotumia, kipinde kwenye ile kona ya mbele. Kikilia, legeza kona. Kaa ndani ya boksi ukiwa juu ya godoro. Kichwa chako kikigusa dari, hakuna rangi itakayokutuliza. Hapo hapo weka mlango: kuna milango ya trela inayouzwa tayari ikiwa na fremu, dirisha na kitasa, na kwa mtu wa kazi ya kwanza huo ndio ununuzi mmoja ambao sitaki ubane pesa. Nunua mlango kwanza, ndipo ukate tundu.

Jambo la mwisho la kupanga kabla ya msumeno ni uzito wa mbele. Mkono wa trela, pale unapokaa juu ya tufe la gari, unatakiwa ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Trela ya pauni 1,000 iweke mbele 100 hadi 150. Ukiwa na jiko nyuma, boksi la barafu nyuma, maji nyuma, mkono unakuwa mwepesi, na trela yenye mkono mwepesi huanza kuyumba kushoto kulia ukifika kasi ya barabara kuu. Ikikutokea, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, ipungue yenyewe. Ila dawa ya kweli ni karatasini: betri na sanduku la vifaa viende mbele juu ya mkono, na ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati ya sanduku. Kupima ni rahisi. Chukua mizani ya bafuni, iweke juu ya tofali, juu yake gongo fupi la mbao linalofika kimo kile kile cha tufe la gari lako, teremsha mkono hapo trela ikiwa sawa na ardhi na imepakiwa kama ya safari. Soma. Hamisha boksi la barafu, soma tena. Utashangaa galoni tano za maji zikihama futi sita zinavyobadilisha namba.

Na uliandika meza ya balkoni, kwa hiyo nahisi mnakaa ghorofani. Tafuta rafiki mwenye gereji kabla ya kila kitu, na muulize mwenye nyumba wenu kama trela inaruhusiwa kulala kwenye maegesho. Mlango wa gereji huku kwa kawaida una futi 7. Trela yako itakuwa kama 6, lakini feni ya paani inaongeza. Pima.

SWALI: Jambo sana baba fundi. Sisi tuko Des Moines, Iowa. Bwana yangu amemaliza trela yetu, ni nzuri kabisa. Usiku baridi inaingia. Anataka kuweka kajiko kadogo ka gesi ndani, tukawasha tu mpaka tupate usingizi. Mimi naogopa. Nani ana haki? — Mama wa watoto watatu, Des Moines

JIBU: Wewe, mama. Moja kwa moja.

Trela hiyo ndani ni ndogo kuliko kabati lako la nguo. Moto wa gesi, wa mkaa, wa mafuta ya taa, wowote ule usiokuwa na bomba la kutoa moshi nje, unatumia hewa yenu na kutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Watu hawaamki. "Mpaka tupate usingizi" ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu aliyepata usingizi hazimi jiko. Hata kupika kwenye jiko la nyuma mlango wa mbele ukiwa wazi, mfuniko wa nyuma unaofunika jiko uwe umeinuliwa wote. Mwambie bwana anunue king'ora cha hewa hiyo, kiwekwe karibu na vichwa, hata kama hakuna moto ndani, maana wa kambi ya jirani pia unaweza kuingia.

Kwa baridi: mablanketi mazito, chupa ya maji ya moto miguuni, na mkiwa kambi yenye umeme, blanketi la umeme. Miili miwili inapasha kisanduku hicho vizuri kuliko mnavyodhani. Ila pumzi zenu zina maji. Asubuhi mtakuta dari limetoa jasho na chini ya godoro kumelowa, kwa hiyo feni ya paani iachwe wazi kidole kimoja hata kwenye baridi, na dirisha la upande wa pili kidogo. Godoro liinuliwe na chaga nyembamba za mbao ili hewa ipite chini yake. Hapa Duluth upepo wa Ziwa Superior hauna adabu, na bado huwa naacha upenyo.

SWALI: Mzee, nimefunga aluminiamu paani na kuziba kila mahali kwa silikoni safi, ile ya bafuni. Mvua ya kwanza maji yakaingia kwenye kona ya juu ya mfuniko wa nyuma. Nimeongeza silikoni mara kadhaa, bado. Nifanyeje? — Msomaji wa St. Cloud, Minnesota

JIBU: Jirani, acha kuongeza. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu, na rangi haishiki juu ya yoyote kati ya hizo. Unajenga keki.

Mimi nilijifunza useremala Likoni, Mombasa, kwa mafundi waliokuwa asubuhi wakitengeneza makabati na jioni wakiitwa ufukweni kukalafati mashua, na kitu walichonikaririsha ni kwamba maji hayapiti kwenye ubao, yanapita kwenye mshono. Trela yako ina mishono ya namna nne: ukingo wa paa na ukuta, fremu za milango, tundu la feni, na bawaba ya mfuniko wa nyuma. Huo wa mwisho ndio unaokusumbua, na ndio unaosumbua karibu kila mtu, kwa sababu pale ngozi ya paa inakatika na kuanza upya.

Ng'oa ukanda wa pembeni pale konani. Kwangua silikoni yote kwa kisu cha plastiki, futa kwa spiriti mpaka kidole kisiteleze. Halafu tafuta utepe wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaonata kama ulimbo na haukauki. Unaweka utepe chini ya ukanda wa aluminiamu, unafunga skrubu taratibu, na utepe unafinyika unatokeza pembeni. Usikaze zote siku moja. Kesho yake kaza tena robo mzunguko, utaona umetokeza zaidi. Ndipo unakata ziada kwa kijiti cha plastiki. Kila skrubu inayopita paani nayo ipate kipande chake kidogo cha butili chini ya kichwa.

Bawaba ni habari nyingine. Kama umetumia ile ya mlango wa nyumba, ndefu yenye pini katikati, maji yatapita kwenye pini hata uzibe na nini. Kuna bawaba ya aluminiamu ya vipande viwili, kimoja kimekunjwa kikafunika kingine, kwa hiyo maji yanateremka juu yake na kwenda zake. Trela hizi nyingi zinaitumia. Ibadilishe. Kisha kwenye ukingo wa mfuniko, pande mbili, weka mpira wa kuzibia milango ya magari, na ndani yake uache kijito kidogo cha kupeleka chini maji yatakayoponyoka. Atakayekuambia mpira peke yake unatosha hajasafiri na trela kwenye mvua ya pembeni.

Na kagua ubao wa kona hiyo kabla hujafunga. Choma kwa bisibisi nyembamba. Ikizama bila kupingwa, plaiwudi imeshaoza na utakata mpaka ufike penye ubao mzima. Kingo zote za plaiwudi, hata zile zisizoonekana, zilishwe epoksi nyepesi mpaka zikatae kunywa. Ukingo ndio mdomo wa plaiwudi. Chini ya sakafu vilevile, kabla haijafungwa kwenye chuma. Kama ilishafungwa, lala chini upake unapofika.

SWALI: Habari Fundi. Niko Nakuru. Huku hakuna chesisi za maboksi, lakini mafundi wa jua kali wapo na chuma kipo. Nataka kutengeneza ya kupeleka Naivasha na hata Mara. Inawezekana, ama hii ni mambo ya Marekani? — K.W., Nakuru

JIBU: Inawezekana, na una kitu ambacho yule wa Columbus hana: fundi anayechomelea kila siku. Ila usimpe picha ya simu. Mpe mchoro wenye vipimo na uzito, na umwambie ni ya kupita barabara ya kokoto, maana ile mitetemo ya njia ya Mara inafungua nati ambazo lami isingezigusa. Taka nati zenye plastiki ndani kila mahali, na kila unapofika kambini zunguka na spana.

Magurudumu yawe yale yale ya gari lako: rimu ile ile, mashimo yale yale ya bolti. Hapo tairi moja ya akiba inahudumia vyote viwili, na trela inapata kimo cha kutosha kupita kwenye mawe. Mafundi wengi watakupa ekseli na springi za gari kuukuu. Ni sawa, lakini springi za gari zito chini ya trela nyepesi hazikunjiki, zinarusharusha sanduku mpaka skrubu zinalegea. Waambie wapunguze mabamba.

Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 iko kila mji, ila si kila iliyoandikwa "marine" ni ya baharini kweli. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria saa nzima, kikaushe, kichemshe tena. Kikiachana tabaka, mrudishie mwenye duka heshima yake na uende kwa mwingine.

Huko mnaendesha kushoto, kwa hiyo kama unaweka mlango mmoja uwe upande wa kushoto, mbali na magari. Paa lipake jeupe, jua la Bonde la Ufa ni kali. Madirisha na feni viwe na wavu wa mbu, Naivasha ziwani mbu hawana likizo. Na mfuniko wa jiko uwe na komeo linalofungwa kwa kufuli, si la kusukuma tu. Nyani ataliangalia lile la kusukuma dakika moja na kulifungua. Usiku chakula kisibaki kwenye kaunta. Huku kwetu tatizo hilo hilo ni dubu. Kambi ya Fishing Bridge kule hifadhi ya Yellowstone hairuhusu hata hema, inataka malazi yenye kuta ngumu tu, na trela ya plaiwudi ni kuta ngumu.

Usajili usiusahau. Trela Kenya ina namba yake yenyewe, zile zinazoanza na Z. Uliza NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanataka karatasi gani kabla fundi hajaanza kukata chuma, na upige picha za kazi kila hatua.

SWALI: Fundi, hapa Houston nimeunda chesisi mwenyewe na sina cheti. Pia nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma za trela zinapepesa. — Mswahili wa Houston

JIBU: La kwanza ni la ofisi ya magari ya jimbo, na kila jimbo lina sheria zake za trela za kujitengenezea. Kwa jumla watataka stakabadhi za vifaa, karatasi ya mizani, pengine ukaguzi, na watakupa namba ya chesisi ya kubandika au kugonga kwenye chuma. Nenda ukiwa umepanga stakabadhi kwenye faili. Anayefika na mfuko wa nailoni wa karatasi zilizokunjamana huambiwa arudi wiki ijayo.

La pili nadhani nalijua bila kuiona trela yako. Plagi ya pini nne ina waya mweupe wa kurudisha umeme, wa kahawia wa taa za usiku, wa manjano wa indiketa na breki ya kushoto, wa kijani wa kulia. Taa zinapochanganyikiwa hivyo, mara nyingi ni ule mweupe. Umefungwa kwenye chuma kilichopakwa rangi, na rangi haipitishi umeme, kwa hiyo unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine. Fungua skrubu yake, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga tena kwa kishikizo safi, paka grisi juu. Fanya hivyo kwa kila taa, au bora zaidi, vuta waya mweupe mmoja mzima mpaka kwenye kila taa usiitegemee chesisi kabisa. Na kama una betri ndani ya trela, fyuzi yake ikae inchi chache kutoka kwenye nguzo ya betri, isiwe kule kwenye kabati la vikombe.

SWALI: Kasi gani ni salama? Mwanangu anasema trela ndogo haihisiki kabisa nyuma, tunaweza kwenda na wenzetu. — Baba Zuhura, Sacramento, California

JIBU: Baba Zuhura, huko kwenu gari linalokokota trela lina kikomo cha maili 55 kwa saa, sheria ya jimbo lote, hata kama kibao cha wengine kinasema 70. Kwa hiyo mwanao ameshajibiwa na polisi wa barabarani. Pia California inataka breki za trela yenyewe ikifika pauni 1,500, wakati majimbo mengi yanasubiri 3,000. Kama yenu inakaribia hapo, ipimeni kwenye mizani ya malori.

Kinachoumiza trela ndogo kwenye kasi ni tairi. Tairi za trela zina kikomo chake cha kasi, nyingine maili 65 kwa saa tu, na huzeeka zikiwa zimeegeshwa kuliko zikitembea. Kabla ya safari ijayo chuchumaa na tochi, tafuta herufi DOT ubavuni, uende mpaka tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikishapita miaka mitano sita, badilisha hata kama kashata bado ni nene, na mkishatembea maili 50 za kwanza na tairi mpya simameni mkaze nati upya.